Rangi Uliyoiwekea Nyumba ya Theta

Njoki, rafiki yangu,

Nimefungua stoo yako ya rangi. Tangu tukuzike sikuwa nimeugusa ule mlango. Nilikuwa napita hapo nje nikienda kazini huku naangalia upande ule mwingine, kama mtu anayemkwepa jirani. Sasa landilodi ametuambia tuhame. Laini yote ya vyumba vya nyuma inabomolewa, anataka ghorofa, na Ruiru unaijua: ukisikia ghorofa asubuhi, jioni lori la mawe limefika.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililolijua siku hiyo ya stoo, na sina mtu mwingine wa kumwambia. Lilikuwa lako kuniambia, na hukuniambia. Nimejaribu kukukasirikia, nikashindwa.

Acha kwanza nikupe habari za nyumbani.

Shiru yuko Theta. Tulipomaliza mazishi tulikaa chini na ndugu zako na mama yako, tukaona mtoto wa miaka kumi na tatu hawezi kubaki peke yake kwa chumba cha kukodi, na mimi kwangu unapajua, ni kitanda na jiko. Kwa hivyo akahamia kwa cucu, bibi yake, kwenye nyumba yako ya mawe, ile uliyoijenga kwenye kona ya shamba aliyokukatia mzee wako akiwa hai. Mama yako naye alitoka kwenye nyumba yake ya mbao akaingia hapo ili mtoto asilale pekee. Amebadilisha shule. Sare mpya inamkaa vizuri, ingawa amekonda.

Nyumba bado ilikuwa kama ulivyoiacha. Plasta tupu, kijivu, madirisha yamewekwa vioo lakini ukutani hakuna hata andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini. Siku ya mazishi watu walikaa kwenye hema wakiitazama. Nyuma yangu kuna mwanamke, simjui, akamwambia mwenzake, "Huyu si alikuwa fundi wa rangi? Na nyumba yake haina rangi." Hakusema kwa ubaya. Sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na nilikuwa nimejiambia nisilie mbele ya Shiru.

Ningemwambia nini huyo mama? Kwamba rangi ulikuwa nayo, tena nyingi? Kwamba kila nyumba tuliyopaka kuanzia Kahawa Sukari mpaka huku kwetu Ruiru, mwenye nyumba akisema mabaki tubebe, wewe ulibeba? Mimi nilikuwa nataka tuuze. Wewe ukasema, "Ngoja tu, Kabi. Zinajaa. Siku moja nitapaka nyumba yangu na rangi za nyumba zote nilizopakia watu."

Nilikucheka sana mwanzoni. Nakumbuka ile kazi yetu ya kwanza pamoja, zile nyumba za wanafunzi, mabwana wawili wakasimama mlangoni kutuangalia kama wameenda sinema. Mmoja akauliza, "Na fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?" Ukaendelea kuvuta rola, ukamjibu bila kugeuka, "Ameshafika, amevaa sketi." Jioni yake ndiyo nilikuona kwa mara ya kwanza ukifunga mkebe. Mimi nilikuwa nagonga kifuniko tu nikaondoka zangu. Wewe ulichuchumaa, ukapangusa ule mdomo wa mkebe na kitambaa mpaka ukawa safi kabisa, kwa sababu rangi ikikauka hapo kifuniko hakikai tena. Ukatandika kipande cha nailoni juu, ukaweka kifuniko, ukagonga ukizungusha kwa kipande cha mbao ili bati lisipinde. Halafu ukaupindua kichwa chini. Nikauliza kwa nini. Ukasema rangi yenyewe ndiyo inaziba mlango kutoka ndani, hewa haipiti. Nje ukapaka mstari wa ile rangi, na kwa msumari ukakwaruza ni ya chumba gani.

Ukafanya hivyo kwa miaka yote tuliyofanya kazi. Stoo ukaitandika mbao mikebe isikalie simiti ikashika kutu. Karibu na mabati hukuweka kitu, ukisema jua la mchana linapika rangi kama githeri. Ya mafuta na tapentaini ukaziweka kona yake, mbali kabisa, na hukumruhusu mtu kuwasha jiko kwenye veranda ile. Mama wa mlango wa pili alikununia kwa sababu ya hilo jiko lake. Ukamnunulia mkate, lakini hukurudi nyuma.

Na ile ndoo kubwa. Nani angeisahau. Yule mama wa Kahawa Sukari alinunua krimu ya sebule yote, tukapaka ukuta mmoja, akarudi kutoka kazini akasema hapana, anataka kijivu kama ya jirani. Ndoo karibu nzima, rangi ya maji ya bei ghali, inang'aa kidogo kama ganda la yai. Akasema tuitoe mbele ya macho yake. Tuliibeba hadi barabarani tukipokezana, wewe ukicheka peke yako kama mtu aliyepewa mtoto. "Hii ni ya sebule ya Theta," ukasema. Hukuwa umenunua hata jiwe moja la hiyo nyumba.

Ukajenga. Nyumba ikafika mabati, ikafika plasta. Halafu ukaanza kuvimba miguu.

Sitaki kuiandika sana hiyo sehemu. Tulidhani ni kusimama kutwa. Halafu presha, halafu daktari akasema figo, halafu Thika, Jumatatu na Alhamisi, ile mashine ya kusafisha damu. Ulikuwa unatoka pale umekuwa mwepesi na wa baridi, unataka tu kulala. Siku zingine ulikuwa unaniuliza harufu ya kazi iko aje, kwa sababu kazini nilikuwa naenda na msichana mwingine na wewe hungeweza tena kupanda ngazi. Nilikuwa nakuletea mabaki bado. Uliyapokea ukiwa umekaa kwenye kigoda mlangoni, ukapangusa mdomo wa mkebe mwenyewe, polepole. Sikuthubutu kukuambia acha nifanye.

Siku za mwisho wodini ulinishika mkono ukasema, "Mama yangu asikae kwa ukuta mbichi, Kabi. Lakini angalia kwanza. Kama imeoza usimpake mama yangu uvundo." Nilifikiri unaongea kwa homa. Nikasema sawa. Nikasema utapaka mwenyewe. Tulikuwa tukiambiana uongo wa aina hiyo wakati huo.

Sasa ndiyo nifike kwa hiyo siku.

Mama yako alinipigia simu. Unajua hapendi simu, anaishika mbali kama inamuuma. Akaniambia, "Nyokabi, huyu mtoto hali. Na hicho chumba mama yake alimjengea haingii. Analala na mimi jikoni, kwa sakafu. Nikimuuliza ananyamaza tu." Halafu akasema, "Mimi ni mzee. Sijui kuongea na watoto wa siku hizi."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikamwambia amlete Ruiru, kwamba tunahamisha vitu vya mama yake na kwamba Shiru atachagua rangi ya chumba chake. Nilifikiri ni dawa. Nilifikiri mtoto akichagua rangi, akashika brashi, atakuwa sawa. Wewe ndiye ungekuwa umeniambia nisiwe mjinga.

Alikuja amevaa ile sweta yako ya bluu. Cucu akaketi nje kwenye kigoda chako, na sisi tukaingia.

Nilianza na mikebe midogo. Kila mmoja niliufungua na bisibisi polepole, nikamwonyesha Shiru vile ulivyonionyesha mimi. Ukiona maji juu na uzito chini, hiyo haijaharibika, imelala tu, unaikoroga inaamka. Ya mafuta ikiwa na ngozi juu, unaikata ile ngozi kwa kisu uitoe nzima usiivunje, na chini yake iko salama, unaichuja kwa soksi ndefu ya zamani. Lakini ukikoroga na bado ina mabonge kama uji uliomwagiwa unga vibaya, au ukipaka kwa kadi na inakwaruza kama mchanga, hiyo imekufa. Na pua ndiyo inajua kabla ya jicho. Rangi ya maji nzima inanuka rangi. Iliyooza inanuka mtaro.

Shiru alikuwa anakoroga na kijiti bila kuniangalia. Lakini alikuwa anakoroga vizuri, kutoka chini kuja juu, na nilimwangalia mikono nikaona ni yako. Nikafurahi. Mingi ya mikebe yako ilikuwa hai. Ile kijani ya shule ya hapa karibu. Ile nyeupe ya nyumba nyingi nyingi, mkebe kwa mkebe. Ya waridi kutoka ile kliniki ya watoto. Ulikuwa umeifunga kazi yako vizuri, Njoki. Nilitaka ujue hilo.

Halafu nikavuta ile ndoo kubwa.

Nikashangaa. Haikuwa imepinduliwa. Ilikuwa wima, nyuma ya mlango, na kifuniko kilikuwa kimekaa upande mmoja tu, hakina nailoni, mdomo umejaa rangi iliyokauka. Nikafikiri mtu aliingia akaiba. Nikasema, "Nani alifungua hii?" Sikuwa namuuliza Shiru. Nilikuwa nauliza ukuta.

Nikakiinua kifuniko, na ile harufu ikatoka. Sijui niiandike vipi. Mayai yaliyooza, na maji ya mtaro, na kitu kingine chachu kama maziwa yaliyosahaulika kwenye chupa ya mtoto. Juu ilikuwa na ukungu mweusi na madoadoa ya waridi, na chini yake maji ya kijivu. Maji mengi. Hayo si maji yake. Mtu alikuwa ameyatia.

Nikageuka, Shiru alikuwa ameshatoka. Nilimkuta nje amepiga magoti kando ya ukuta, anatapika. Cucu amemshika mgongo. Nikafikiri ni harufu, nikamletea maji. Akayasukuma. Akasema, "Ni mimi nilimwaga maji. Auntie, ni mimi niliimwagia hiyo maji."

Nikamwambia si kitu, ni rangi tu, tutapata nyingine.

Akasema, "Hiyo siku hatukuenda Thika."

Njoki, nilikaa chini. Nilikalia mchanga hapo hapo.

Alieleza akiwa ameangalia chini, maneno yakitoka moja moja. Kwamba alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Kwamba wasichana wa darasa lake walikuwa wakiongea juu ya manyumba yao, naye akawaambia mama yake amejenga ya mawe, mmoja aliyepita Theta akasema, "Ile ya kijivu kama ghala?" Wakacheka. Akarudi akakuambia. Akakuuliza mtapaka lini. "Nilimuuliza vibaya," akasema. "Nilimwambia wewe unapakia watu tu."

Ilikuwa Alhamisi. Ukavaa tayari kwenda kwa mashine, ukafika mlangoni, ukasimama. Ukamwambia, "Leo twende stoo." Akakuuliza na Thika. Ukasema mashine haikimbii.

Mkaja. Ukamfungulia ile ndoo, ukamfundisha kukoroga. Ukasema kwa plasta mpya mkono wa kwanza wa rangi lazima uwe mwepesi ili ukuta uunywe, na ukamtuma kwa pipa la maji ya mvua na kikombe. Ukamwambia tia kidogo. Akatia. Tia tena. Halafu ukapaka kipande cha ukuta hapo nyuma ya mlango, uone inavyokaa, na mkasimama mkakiangalia. Shiru anasema ulikuwa unacheka. Ukamwambia Jumamosi mnaenda Theta kuanza.

Halafu ukaketi. Pumzi ikakataa. Ukakaa juu ya mkebe muda mrefu, umeegemea ukuta, na mtoto hakujua afanye nini. Mlipoondoka alifunga ile ndoo mwenyewe, alivyoweza. Ukamwambia, "Usimwambie Nyokabi. Atanigombeza."

Ni kweli. Ningekugombeza hadi Thika na kurudi.

Nakumbuka hiyo Jumamosi, Njoki. Nilikuja nikakukuta uso umevimba, hata macho hayafunguki vizuri, na unalala ukiwa umeketi kwa sababu ukilala chali unazama. Nikakuuliza Alhamisi ilikuwaje. Ukaniambia mashine ilikuwa imeharibika, mkarudishwa. Niliamini, kwa sababu huwa zinaharibika. Nikatukana serikali kwa niaba yako. Wewe ukaniangalia tu na yale macho madogo.

Ulirudi kwa mashine Jumatatu. Ukarudi tena na tena baadaye. Lakini Shiru yeye anahesabu tofauti. Kwake yeye kuna siku moja tu. Mapafu yalipojaa maji na ukaondoka, alishajua sababu, na amekaa nayo kifuani tangu mazishi, tangu lile kaburi, tangu kila mtu amwambie pole. Ndiyo maana hakuingia kwenye kile chumba. Ni chumba alichokiombea rangi.

Akainua uso akaniuliza, "Auntie, ni mimi nilimuua?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Hapana, usiseme hivyo, ni Mungu. Jibu ambalo kila mtu hutoa. Lakini huyu mtoto ni wako, ananusa uongo kama wewe. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa mgonjwa sana kabla ya hiyo siku. Wewe hukumpa figo mbovu. Kuikosa mashine mara moja ni mbaya, hiyo sitakuficha. Kama ilimtoa siku zake zingine, mimi sijui. Daktari mwenyewe sidhani anajua. Lakini yule aliyeamua asiende ni mtu mzima mwenye akili zake, na hakuwa wewe."

Akarudisha uso chini. Nikaona sijamsaidia.

Ndipo mama yako akaongea. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mgongo wa mtoto. Akasema kwa Kikuyu, taratibu, na mimi nakuandikia kama nilivyosikia. "Nimezaa watoto na nimezika watatu. Kila mmoja nilitafuta mahali nilipokosea. Nilipapata kila mara. Mtu akitafuta hakosi." Akampangusa mdomo na lesso. "Mama yako alitaka kupaka nyumba. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa. Alitaka siku moja awe fundi mbele ya mtoto wake. Hiyo siku alikupa wewe, hakunipa mimi. Usiifanye kuwa taka."

Hapo ndipo Shiru akalia. Si kile kilio cha mazishi, cha kuangaliwa na watu. Alilia kwa sauti ya mtoto mdogo, amejikunja kwenye mapaja ya cucu yake, na mama wa mlango wa pili, yule wa jiko, akatoka akasimama, akarudi ndani, akatoka tena na kikombe cha chai akakiweka chini.

Mimi niliingia stoo peke yangu. Nikafunga mlango nione nyuma yake. Kiko, Njoki. Kipande cha krimu, kikubwa kama meza ya kulia, mkono wako kabisa, ukipanda na kushuka bila kuacha mshono, na chini pembeni kuna mistari mingine mifupi iliyoenda kombo, ya mtu anayejifunza. Rangi ilikuwa imeshika vizuri. Siku hiyo ilikuwa bado nzima. Iliozea baadaye, hayo maji ya mvua yakikaa ndani yake na kifuniko kikiwa wazi, wakati sisi sote tulikuwa hospitali. Niliweka mkono juu yake nikasimama. Huo ukuta wataubomoa mwezi huu. Nilifikiri kuukata niutoe, nikaona ni wazimu. Nikauacha.

Ile ndoo hatukuimwaga mtaroni. Ulituzuia siku zote, ukisema maji hayo yanafika kwa mto na kwa mto kuna mtu anayechota. Shiru mwenyewe alitafuta maranda kwa yule seremala wa barabarani, tukayachanganya na mchanga, tukaikoroga hadi ikawa matope, tukaiacha juani ikakauka kuwa jiwe. Ilichukua siku nyingi na ilinuka hadi majirani wakalalamika. Alikuja kila siku kutoka Theta kuiangalia. Ilipokuwa ngumu kabisa, ikaenda na gari la taka. Alisimama akaliangalia gari mpaka likapinda kona.

Hizo zingine tulizibeba Theta. Nyeupe zote nilizichuja kwa soksi, nikazimwaga pamoja kwenye pipa moja safi, kwa sababu nyeupe ya nyumba hii si nyeupe ya ile, ukipaka moja moja ukuta unakuwa na madoa. Zikichanganywa zinakuwa kitu kimoja. Rangi haikuwa krimu. Ilikuwa nyeupe iliyochoka kidogo. Sebule ikapata hiyo, mikono miwili. Chumba cha mama yako kikapata kijani, na ikabidi nimwombe mara tatu atoke ndani nipake dari, alikuwa ameketi tu katikati akiangalia.

Shiru hakutaka ya waridi. Alisema yeye si mtoto wa kliniki. Akachagua nyeupe kama sebule. Nikampa rola nikaondoka, nikaenda kukaa nje na mama yako. Hatukusikia sauti yoyote huko ndani muda mrefu. Halafu tukasikia kitanda kikivutwa.

Sitakuambia kwamba mambo yamekuwa mazuri. Mtoto bado anakula kama ndege. Usiku mwingine, mama yako anasema, anarudi kulala jikoni, naye anamfuata huko. Rangi iliisha kabla ya ukuta wa nyuma, ule unaopigwa na mvua, na uko kijivu bado, na ukisimama kwenye kaburi lako huo ndio unaouona. Samahani. Kaka yako amesema atanunua. Wacha tuone. Na mimi kazini sijapata mwenzangu wa kukaa. Wasichana wanakuja, wanaona ngazi, wanaondoka. Kuna wakati nasema jambo juu ya ukuta kwa sauti, nikingoja ujibu, na mwenye nyumba ananiangalia.

Juzi Shiru alinisindikiza hadi barabarani. Tukiwa karibu kuagana akauliza tena, vile vile, maneno yale yale. Nikamjibu vile vile. Hakulia. Alitikisa kichwa kama mtu anayeandika kitu akilini, akasema, "Sawa, Auntie," akageuka akarudi. Nilielewa kwamba ataniuliza tena. Ataniuliza akiwa sekondari, ataniuliza siku atakayozaa wake.

Basi lala, Njoki. Lala ukijua sijakasirika. Sitakuahidi kumfurahisha mtoto wako, hiyo ni kazi kubwa kuliko mimi. Nakuahidi hii moja: kila atakaponiuliza, nitakuwa hapo, na nitamwambia ninalolijua, na nisilolijua nitamwambia silijui. Hatajibiwa na ukuta.

Mwenzako wa kazi,
Nyokabi